Uchambuzi wa data za wenzangu umenimeza: nitafikaje uprofesa wa takwimu?

SWALI: Shikamoo Profesa. Mimi ni mhadhiri msaidizi wa takwimu katika chuo kikuu kimoja hapa Tanzania. Nina shahada ya uzamili, na huu ni mwaka wa tatu nafundisha kozi tatu kila muhula, moja ikiwa na wanafunzi wapatao 300. Madaktari, wachumi na watu wa kilimo huniletea data niwachambulie. Jina langu limetokea kwenye makala tisa, kila mara katikati ya orodha, na mara moja daktari mmoja aliniweka kwenye shukrani tu. Nataka kuanza uzamivu. Wengine wananiambia nichukue nadharia tupu, ndiyo yenye heshima; wengine wanasema nadharia haina soko. Nataka kuwa profesa wa takwimu, si mchambuzi wa watu. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Makala tisa si kazi iliyopotea. Tatizo lake ni kwamba zote zimejibu maswali ya watu wengine. Siku faili lako litakapopelekwa kwa wasomaji wa nje ili upandishwe cheo, watatafuta jambo moja: mtu huyu ameongeza nini kwenye takwimu zenyewe? Kwa sasa jibu hilo huna. Kulipata ndiyo kazi ya miaka minne au mitano ijayo, na malighafi yake unayo tayari, imo kwenye mafaili hayo hayo unayoletewa. Kwa hiyo usiache kuchambua data za watu. Badilisha masharti ya kuzipokea, na badilisha unachokitafuta ndani yake.

Mabishano ya nadharia na matumizi yasikusumbue. William Gosset alikuwa mtumishi wa kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin. Vipimo alivyokuwa navyo vilikuwa vichache mno kwa hesabu zilizokuwapo, akatafuta hesabu nyingine, na mwaka 1908 akaichapisha kwa jina la Student. Hilo ndilo jaribio la t unalofundisha kila mwaka. C. R. Rao alichapisha mwaka 1945 makala yenye kikomo cha chini cha mtawanyiko wa kikadiriaji, yaani kanuni ya kukisia ukweli kutoka kwenye sampuli, nadharia kweli kweli. Mwaka uliofuata akaenda Cambridge kuchambua vipimo vya mifupa ya watu wa kale iliyochimbuliwa Jebel Moya, nchini Sudan. Kazi ya kutenganisha makundi ya watu kwa vipimo vingi kwa pamoja ndiyo iliyompa uzamivu mwaka 1948, chini ya mtakwimu R. A. Fisher. Hakuna hata mmoja wao aliyekaa akichagua kati ya nadharia na data. Data ziliwakatalia mbinu iliyokuwapo, wakalazimika kutengeneza nyingine.

Hii haina maana uruke hesabu. Bila kuweza kuthibitisha mwenyewe, kwa kalamu na karatasi, nadharia ya kikomo cha kati, mbinu ya delta, na tabia ya makadirio ya uwezekano mkubwa sampuli inapokua, utabaki kubonyeza vitufe vya programu. Tenga miezi sita kabla ya kujiandikisha, saa mbili kila asubuhi kabla ya vipindi, urudie nadharia ya uwezekano na ya makadirio kwa kufanya mazoezi, si kwa kusoma tu. Wengi wanaokwama uzamivu mwaka wa pili hukwama hapa: wana data nzuri na wazo zuri, lakini mhakiki akiuliza kwa nini kikadiriaji chako kinakaribia ukweli, hawana cha kuandika.

Sasa swali la utafiti linapatikanaje? Chukua shule 48, kila moja wanafunzi 25, jumla 1,200. Wanafunzi wa shule moja hufanana, tuseme uwiano wa ndani ya shule ni 0.04. Athari ya usanifu, yaani mara ngapi mtawanyiko wa makadirio unaongezeka kwa kuchagua watu kwa makundi, ni 1 + (25 − 1) × 0.04, yaani 1.96, kwa hiyo wale 1,200 wana uzito wa watu 612 tu waliochaguliwa kila mmoja peke yake. Mtafiti akichukua shule 12 zenye wanafunzi 100 kila moja kwa sababu ya kubana gharama za usafiri, jumla ni ile ile 1,200, lakini athari ya usanifu inapanda hadi 4.96 na uzito unashuka hadi 242. Hilo lina jibu tangu zamani. Lifundishe, usiliandikie tasnifu. Lakini angalia zile shule 12. Klasta, yaani makundi kama shule hizo, zikiwa chache hivyo, kosa sanifu (kipimo cha jinsi jibu linavyoyumba kwa bahati kutoka sampuli moja hadi nyingine) linalorekebishwa kwa njia ya kawaida hutoka dogo kuliko uhalisia, na mtafiti anatangaza tofauti ambayo haipo. Marekebisho yapo, na mengi yanafanya kazi vizuri pale klasta zinapolingana ukubwa na matokeo ni vipimo vya kawaida. Matokeo yakiwa ndiyo au hapana, tukio likiwa nadra, klasta moja ikiwa na watu 20 na nyingine 300, huko bado kuna kazi ya kufanya, na data za aina hiyo zinapita mezani kwako kila mwezi.

Mfano mwingine uko wazi kwa kila mtu. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina utafiti unaofuatilia kaya zile zile, unaojulikana kama National Panel Survey, na data zake hutolewa bure kwa watafiti. Awamu ya 2008/09 ilikuwa na kaya 3,265. Awamu ya 2010/11 zikawa 3,924, na ya 2012/13 zikafika 5,010. Hazikuongezwa kaya mpya kutoka nje: vijana waliondoka nyumbani, watu wakaoa, wengine wakaachana, na watafiti wakawafuata walikokwenda. Kwa mtakwimu hapa pana utajiri. Uzito wa sampuli ugawanyweje kaya moja inapozaa tatu? Waliopotea wasionekane tena wanafanana na waliobaki? Kama waliohamia mjini ndio waliopotea zaidi, wastani wa matumizi ya kaya utaelemea upande gani, na kwa kiasi gani? Mchumi anayetumia data hizi hana muda wa maswali hayo. Wewe ndiyo kazi yako.

Ukidhani umepata swali, liandike kwenye ukurasa mmoja kabla ya kumwona msimamizi yeyote. Eleza data zikoje, mbinu ya kawaida inafanya nini, inavunjika wapi, na inavunjika kwa kiasi gani kwa namba. Hicho kipengele cha mwisho ndicho kinachoua mawazo mengi, na ni vizuri kife mapema. Kama mbinu ya kawaida inakosea kwa nusu asilimia tu, hakuna mhariri atakayejali.

Namba hiyo utaipata kwa simulesheni, yaani kutengeneza data bandia ambazo ukweli wake umeuweka mwenyewe, kisha kuangalia mbinu inaufikia mara ngapi. Vijana wengi huiharibu hatua hii, basi nitaieleza kwa kirefu. Tuseme unapima kama masafa ya uhakika ya asilimia 95, yaani kutoka namba hii hadi ile ambamo ukweli unatarajiwa kuwamo, kweli yanaufunika ukweli mara 95 kati ya 100. Ukirudia mara 1,000, kosa sanifu la jibu lako ni kipeuo cha pili cha 0.95 × 0.05 ÷ 1,000, karibu 0.007. Maana yake mbinu iliyopata asilimia 93.8 na iliyopata 95.1 zinaweza zote kuwa sawa kabisa na 95. Tofauti hiyo ni bahati nasibu. Ukirudia mara 10,000 kosa linashuka hadi 0.0022, na hapo 94.2 inaanza kusema kitu. Amua idadi ya marudio kwa hesabu hii na uiandike kwenye makala, kwa sababu mhakiki mzuri ataiuliza.

Kisha panga mazingira. Idadi ya klasta 8, 12, 20 na 40. Uwiano wa ndani 0.01, 0.05 na 0.15, klasta zinazolingana, zinazotofautiana kidogo na zinazotofautiana sana. Hayo ni mazingira 36. Kila rudio likichukua nusu sekunde, marudio 10,000 kwa mazingira 36 ni sekunde 180,000, saa 50 mfululizo. Umeme ukikatika saa ya 40 umerudi mwanzo, kwa hiyo programu ihifadhi matokeo kila baada ya marudio 500, na ihifadhi mbegu, yaani namba ya kuanzia, ya namba nasibu za kila kundi ili uweze kuendelea pale pale na kupata namba zile zile. Weka pia mazingira ambayo unajua mbinu yako itashindwa. Makala inayoonyesha mbinu mpya ikishinda kila mahali humtia mhakiki shaka, na ana haki. Modeli ikikataa kufikia jibu kwenye baadhi ya marudio, usiyafute kimyakimya. Andika ni mangapi na katika mazingira yapi. Mara nyingi hayo yaliyokataa ndiyo yenye tatizo ulilokuja kulichunguza, na ukiyaondoa mbinu inaonekana nzuri kuliko ilivyo.

Kuhusu mahali pa kusomea nitakuwa mfupi. Tafuta wasimamizi wawili, mmoja wa mbinu na mmoja wa eneo zinakotoka data, na kabla ya kukubali uliza wanafunzi wake wangapi wamemaliza, kwa miaka mingapi, na wangapi walikuwa waandishi wa kwanza kwenye makala za tasnifu zao. Jina kubwa la msimamizi lisilo na wanafunzi waliomaliza halitakusaidia. Chuo Kikuu cha Hasselt nchini Ubelgiji kimefundisha watakwimu wengi wa kutoka Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Wits, kule Johannesburg kiko mbele katika takwimu za afya. Makerere ya Uganda na JKUAT ya Kenya wana watu wa kukaa nao meza moja. Mtandao wa SUSAN, ulio chini ya Jumuiya ya Kimataifa ya Biometria, hukutanisha watakwimu wa afya na kilimo wa ukanda wetu, na wasimamizi wengi wa pili hupatikana kwenye mikutano kama hiyo.

Tuje kwenye watu wanaokuletea data. Kosa linaanza pale unapofungua faili kabla ya makubaliano. Ukishalifungua, ukasafisha, ukampa majedwali, huna tena cha kujadiliana. Tengeneza fomu ya ukurasa mmoja yenye mambo yafuatayo: swali la utafiti ni lipi, kibali cha maadili kipo na namba yake ni ipi, nani ataandika sehemu ya mbinu na ya matokeo, majina yatapangwaje, na je, utaruhusiwa kutumia data hizo kwa makala ya mbinu, ukiwa wewe mwandishi wa kwanza. Hilo la mwisho lina thamani kuliko malipo yoyote utakayopewa.

Kuhusu majina, usiombe kama fadhila. Vigezo vya Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, ICMJE, vinamtambua mwandishi kwa mambo manne kwa pamoja: kuchangia kwa kiasi kikubwa usanifu, ukusanyaji, uchambuzi au tafsiri ya data, kushiriki kuandika rasimu au kuihakiki kwa kina, kuidhinisha toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika kwa kazi hiyo. Aliyechambua data ametimiza la kwanza, na vigezo vyenyewe vinataka apewe nafasi ya kutimiza matatu yaliyobaki. Upande wa pili wa haki hiyo ni mzigo: ukitia jina, soma makala yote. Sentensi kwenye muhtasari inayosema dawa imethibitishwa, wakati jedwali lako linaonyesha masafa ya uhakika yanayovuka sifuri, nayo ni yako.

Pokea kazi mbili kwa muhula, na uzipokee kabla data hazijakusanywa. Anayekuja na faili lililokwisha kukamilika mpe saa mbili za ushauri na umwelekeze. Kazi inayoanza na wewe tangu kukokotoa ukubwa wa sampuli ndiyo utakayoijua kiasi cha kuona inakovunjika.

Ufundishaji sasa. Kozi ya watu 300 ikisahihishwa kwa dakika 12 kila karatasi inakula saa 60, kwa jaribio moja. Punguza bila kupunguza elimu. Andika programu fupi kwa R, lugha ya kompyuta ya takwimu, inayotumia namba ya usajili ya mwanafunzi kama mbegu, imtengenezee kila mmoja data zake na ikuandalie wewe majibu ya wote. Faili 300 hutoka kwa muda mfupi. Vipimo viwe 12 tu kwa kila mwanafunzi, kwa sababu wengi hawana kompyuta, na 12 vinatosha kwa kikokotozi. Majibu ya namba yasahihishwe na mfumo wa chuo, ukiruhusu tofauti ya 0.01 kwa ajili ya kukadiria desimali, la sivyo utapokea malalamiko wiki nzima. Wewe usome aya moja tu, isiyozidi maneno 60, inayoeleza maana ya jibu. Kwa dakika mbili kila mmoja ni saa 10. Kunakili kunakuwa na faida ndogo, maana data za jirani zina jibu lingine, na aya ile inakuonyesha nani anadhani kimakosa kwamba thamani ya p ni uwezekano wa nadharia tete kuwa kweli. Watakuwa wengi, na hapo ndipo pa kuweka nguvu ya mhadhara unaofuata.

Kosa sanifu lifundishe kwa ndoo. Weka punje 700 za mahindi na 300 za choroko, waambie wachote punje 20 kila mmoja na waandike ubaoni sehemu ya choroko. Majibu yatatawanyika kwa karibu 0.10 kuzunguka 0.30. Wachote 80, mtawanyiko unashuka hadi karibu 0.05: sampuli mara nne, kosa nusu. Halafu tikisa ndoo. Choroko ni ndogo, zinapenya kwenda chini, na anayechota juu anapata pungufu hata akichota 80 au 200. Mwanafunzi aliyeliona hilo kwa macho hatasahau kwamba wingi wa sampuli hautibu uchaguzi mbaya. Tumia kijiko, si vidole, maana vidole navyo huchagua punje kubwa.

Hizi kozi ziingie kwenye faili lako la cheo. Weka muhtasari wa kozi wa kila mwaka, mitihani, tathmini za wanafunzi, na orodha ya uliowasimamia pamoja na tarehe walizomaliza. Kuzitafuta baada ya miaka sita ni mateso. Soma mwenyewe kanuni za kupandisha vyeo za chuo chako: kutoka mhadhiri msaidizi hadi mhadhiri kinachohitajika kwa kawaida ni uzamivu, lakini kuanzia hapo, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa, zinahesabiwa makala, na kanuni hutofautiana kuhusu uzito wa jina la kwanza na jina la nne. Wengi hudai hawakutendewa haki kumbe hawakuwahi kuzifungua.

Lenga makala mbili au tatu za mbinu kutoka kwenye uzamivu, ukiwa mwandishi wa kwanza. Majibu ya kwanza ya jarida la maana panga kuyasubiri miezi sita. Ada ya kuchapisha isikuzuie: Survey Methodology la Statistics Canada na Journal of Statistical Software hayatozi mwandishi na yanasomwa bure. Jarida linalokuandikia barua pepe likikusifu, likiahidi majibu ndani ya siku tano na kutaja ada kabla ya uhakiki, liache. Makala iliyowekwa humo inaweza kukataliwa na kamati yako, na huwezi tena kuipeleka kwingine.

Kabla ya kuchukua data nyingine yoyote, mwandikie yule daktari aliyekuweka kwenye shukrani. Usidai makala iliyokwisha kuchapwa ibadilishwe. Mwambie umeona jambo la kimbinu kwenye data zake, ulitaje kwa sentensi mbili, na uombe kuzitumia kwa makala ambayo wewe utakuwa wa kwanza na yeye mmoja wa waandishi. Ambatisha ule ukurasa mmoja. Akikubali, ombeni pamoja marekebisho ya kibali cha maadili, kwa kuwa matumizi ni mapya na ridhaa ya wagonjwa huenda haikuyataja, kisha aondoe majina, namba za simu na vijiji kabla faili halijafika kwako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu nyote wawili.